Gari la Dawa ya Usingizi

Msafi alikuwa anatafuna kipande kingine cha keki ya bure alipopata wazo.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, mkutano ulikuwa wa wataalamu wa dawa za mimea, na yeye hakuwa mtaalamu wa kitu chochote kinachoota. Aliingia kwa kitambulisho cha mkutano mwingine, wa wahasibu, alichokigeuza nyuma mbele kifuani, na kwa shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Shati ndilo lililompa jina la Msafi. Mikono haikuhusika. Alikwenda mikutanoni kama wengine wanavyokwenda kazini: asubuhi, kwa unadhifu, na kwa nia ya kula.

Jukwaani alisimama mtafiti, mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito na sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa. Tatizo la dawa nyingi za mimea, alieleza, si kwamba hazina nguvu. Nguvu zipo. Tatizo ni kwamba hazifiki. Unameza unga wa mzizi, ile kemikali yenye kazi ndani yake haipatani na maji, utumbo unasita kuipitisha, kidogo kinachopenya ini linakikatakata, na sehemu kubwa inatoka chooni nzima kama ilivyoingia. Imefanya matembezi tu. Ndiyo maana yeye na wenzake walikuwa wanaipakia dawa ndani ya vipovu vya mafuta, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Ganda la kipovu linafanana na ganda la chembe za mwili wenyewe, kwa hiyo mwili unakifungulia kama mtu wa nyumbani. Kipovu kinaingia, dawa inashuka, kazi inaanza.

Msafi akaacha kutafuna.

Wengine ukumbini walisikia sayansi. Yeye alisikia kwamba mjini kuna watu chungu nzima wanaouza dawa zisizofika, kwamba wateja wao wananung'unika kila siku, na kwamba hakuna aliyewahi kuwauzia usafiri. Fikiria uzuri wake, msomaji. Anayeuza dawa yuko hatarini, maana mgonjwa asipopona anarudi na kopo mkononi na maneno mdomoni. Anayeuza gari la kubebea dawa hana kesi na mtu. Mgonjwa hajapona? Basi mzigo ulikuwa mbovu, gari lilifika salama. Hakuna dereva wa lori aliyewahi kuulizwa kwa nini nyanya hazina ladha.

Akanyoosha mkono na kuuliza vipovu hivyo vinatengenezwa kwa kitu gani. Mtafiti alifurahi mpaka akavua miwani. Kwa mafuta ya aina fulani, alisema, yanayopatikana hata kwenye kiini cha yai. Kisha akaanza kueleza kwa nini mtu lazima awe mwangalifu sana na kipimo, lakini hapo trei za chai zilikuwa zinapangwa mlangoni, na Msafi, ambaye hapendi foleni, alikuwa ameshainuka.

Lazima niseme kwa nini alikuwa na haraka kiasi hicho. Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani.

Hakuondoka kwa kelele wala hakuvunja kikombe. Mwanamke huyu alikuwa mpishi wa keki za kuagizwa, za harusi na za siku za kuzaliwa, na alichoka kuulizwa na wateja mumewe anafanya kazi gani. Kilichomaliza uvumilivu wake ni mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mkurugenzi wa kampuni iliyokuwa inaishi kwenye kadi za Msafi tu. Ilibidi ampikie chai, akae naye mpaka amalize kulia. Siku hiyo hiyo akafunga mizigo yake na kuhamia kwa dada yake.

"Sijakuomba utajiri," alimwambia Msafi mlangoni. "Nataka kazi yenye mlango. Nije nibishe hodi, wewe uniambie karibu. Basi. Jumamosi mchana utaniambia nije wapi. Nikikaribishwa, narudi nyumbani. Nikikosa mlango, naleta gari nachukua mashine yangu."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukorogea keki, nzito kama mtoto wa tembo, na ndiyo kitu pekee cha maana kilichobaki katika nyumba ile. Ikitoka mashine, ndoa imetoka. Na Msafi alimpenda mkewe. Hilo halikuwa utapeli. Tangu aondoke, alikuwa bado analala upande wake ule ule wa kitanda, ukingoni kabisa, kana kwamba kuna mtu wa kumsukuma.

Kwa hiyo alihitaji mlango. Na kwa kuwa hakuwahi kupata kitu chochote kwa njia iliyonyooka, hakufikiria kuanza sasa.

Alimchagua Mama Makopo. Duka la Mama Makopo lilikuwa mtaa wa nyuma ya stendi, na lilijaa makopo kutoka sakafuni hadi darini, makopo yaliyowahi kuwa ya maziwa, ya kakao, na mengine, yeye mwenyewe akiapa yalioshwa vizuri, ya rangi ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na unga wa magoti, unga wa kifua, unga wa tumbo, na unga wa kusahau, uliouzika kuliko yote kwa sababu wanunuzi wake hawakukumbuka kuja kulalamika. Unga wa usingizi ndio uliomletea aibu. Walioununua walirudi asubuhi na macho mekundu, naye aliwajibu kila mara kwa neno lile lile: ongeza kijiko. Kwa namna hiyo maelekezo ya unga wa usingizi yalipanda mwaka hadi mwaka kama kodi ya nyumba. Yalianza na chembe kwenye ncha ya kidole. Sasa yalikuwa yamefika vijiko vitatu vya kulia chakula, vya kujaa mpaka kumwagika.

Msafi aliingia bila haraka. Akashika kopo moja, akalitazama, akashusha pumzi ndefu yenye majonzi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Ya dawa yako. Dawa nzuri namna hii, na haijawahi kufika hata mara moja."

"Haijafika wapi?"

"Mwilini."

Mama Makopo hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, na kwa watu wa kazi ya Msafi hiyo ni afadhali, maana mjinga haelewi anachouziwa. Alikunja mikono kifuani akasikiliza habari ya utumbo unaosita, ini linalokatakata, na dawa inayotembea tumbo zima bila kumsalimia mtu. Msafi aliyakumbuka maneno ya mtafiti karibu yote, na yale aliyoyasahau aliyatengeneza upya, yakawa mazuri zaidi. Mwisho akatoa mfukoni kichupa chenye kitone cha maziwa, akakiweka kaunta kwa vidole viwili. Aliita bidhaa hiyo Mbebaji. Imetengenezwa, alisema, kwa mashine ya ng'ambo inayotumia mawimbi.

"Na huyo Mbebaji wako," aliuliza Mama Makopo, "amewahi kumbebea nani dawa akapona?"

"Mama, wateja wangu siwezi kuwataja."

"Kwa nini?"

"Wamelala."

Ilimchukua mama muda kidogo, kisha akacheka mpaka makopo ya karibu yakagongana. Hapo Msafi akajua samaki ameshika ndoano. Walikubaliana kwamba mama peke yake ndiye angekuwa wakala wa Mbebaji mjini kote, kwamba atampa Msafi chumba cha nyuma ya duka kiwe maabara, chenye mlango wake na kibao, na kwamba siku ya majaribio kutakuwa na bahasha. Siku Msafi aliichagua mwenyewe. Jumamosi asubuhi. Mama Makopo alikuwa na sharti moja tu: dawa inywewe na Msafi mwenyewe, mbele ya macho yake.

Msafi alijifanya kusita. Alikuna kichwa, akatazama nje, akauliza kama hakuna jirani yeyote mwenye kujitolea. Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Sharti hilo alilitaka kuliko bahasha, kwa sababu alishakusudia kuchagua unga wa usingizi, ambao mji mzima ulikuwa shahidi kwamba haujawahi kumlaza hata paka. Angekunywa, angepiga miayo, angeangusha kichwa, angekoroma kidogo, kisha angeamka na kuuliza yuko wapi. Kukoroma alishakufanyia mazoezi nyumbani, mbele ya kioo.

Ijumaa alijifungia jikoni na mashine ya mkewe. Msafi alikuwa na miiko yake, na mmojawapo ulikuwa kutouza kitu ambacho hangeweza kukinywa. Kwa hiyo Mbebaji alikuwa viini vya mayai, mafuta safi ya kupikia na maji yaliyochemshwa, basi. Lakini kazi ilimgomea. Kila alipokoroga na kuacha, mafuta yalipanda juu yakaelea, na mteja akiona mafuta yanaelea anaanza kufikiri. Mteja anayefikiri ni hasara. Akamwaga, akaanza upya. Akabadilisha viini na mafuta, akakoroga polepole, kisha kwa kasi, akapitisha kwenye chekecheke jembamba kuliko yote la mkewe, kisha kwenye kitambaa, kisha tena kwenye mashine. Unga wa usingizi aliouchukua kwa Mama Makopo ulipofanya mabonge, akauyeyusha kwanza kwenye mafuta ya uvuguvugu, vijiko vitatu vya kumwagika, kama kopo lilivyosema. Alikesha. Kulipopambazuka alikuwa na chupa ya kitu laini, cheupe chenye umanjano kwa mbali, kilichokaa kimya bila kujitenga hata ukikitikisa.

Kwa bahati mbaya kabisa, alikuwa amefanya kazi nzuri.

Jumamosi chumba cha nyuma kilifagiliwa. Kulikuwa na meza, viti viwili, dirisha dogo la kuelekea uchochoroni, na mlango uliopakwa rangi ya kijani jana yake, wenye kibao kilichoandikwa MAABARA kwa herufi za fundi asiyejua kubakisha nafasi, hivyo A ya mwisho ilikuwa nyembamba kama mgonjwa. Msafi aliufungua na kuufunga mara kadhaa kabla ya kuketi. Alikuwa ameshampelekea mkewe habari: mtaa fulani, duka fulani, upite pembeni, mlango wa kijani.

Bahasha ilikuwa mezani, nono, na kiwiko cha Mama Makopo kilikuwa juu yake.

"Kunywa tuone," alisema.

Msafi akainua chupa kwenye mwanga kama padri au kama mlevi, akanywa yote, akajifuta mdomo. Halafu akaanza kuongea, maana ukimya humpa mteja nafasi. Akaeleza vipovu vinavyoshuka kooni sasa hivi. Akaeleza vinavyobisha kwenye utumbo na kufunguliwa. Muda ukaenda, maneno hayakumwishia. Alipoona uso wa mama umeanza kuchoka, akapiga mwayo wa kwanza, mzuri, mpana, wa kuigiza. Baadaye kidogo akapiga wa pili, na huo akaufurahia mwenyewe jinsi ulivyotoka. Wa tatu ulikuja bila kuitwa.

Hapa inabidi turudi kule ukumbini, kwa mtafiti, ambaye wakati Msafi akiwa wa kwanza kwenye foleni ya chai alikuwa anasema jambo muhimu kuliko yote aliyoyasema siku ile. Dawa isiyofika, alisema, watu huizidisha bila kudhurika, kwa sababu haifiki. Ukishaitafutia usafiri, kipimo cha zamani kitupe mbali. Vile vijiko vitatu vya unga wa usingizi, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vinafanya matembezi tu, leo vilipanda gari kwa mara ya kwanza na kufika vyote kwa pamoja.

"Mama, unaona jinsi," alisema Msafi, na jinsi gani hakuna aliyejua, kwa sababu kichwa kilitua mezani, shavu juu ya bahasha.

Mama Makopo alichomoa kiwiko, akangoja. Hakuwa mshamba, alijua maigizo. Akamwita. Akamfinya sikio. Akaenda kuchukua kopo kubwa la bati na kuliangusha nyuma ya kiti chake. Akamdondoshea maji baridi shingoni, na Msafi akalambalamba midomo kama mtoto mchanga. Kisha ukaja mkoromo, si ule wa kwenye kioo. Ulikuwa mbaya, wenye kukwama katikati. Mama akaweka kiganja mgongoni pake akahisi pumzi zinapanda na kushuka vizuri, ndipo moyo wake ukatulia. Tangu afungue duka, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa amelala.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Mama Makopo akafungua mwenyewe. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa amevaa vizuri, vizuri kwa namna ya mtu aliyebadilisha nguo mara mbili kabla ya kutoka. Alitazama kibao, akamtazama mama, kisha akaona juu ya meza lile shati analolijua kuliko mtu yeyote, maana kulipiga pasi ilikuwa kazi yake.

"Shikamoo, mama. Huyo ni mume wangu."

"Marahaba, mwanangu. Basi kaa. Yuko kazini."

Alikaa. Mama Makopo akamsimulia yote, gari la dawa, mawimbi ya ng'ambo, uwakala wa mji mzima. Mke wa Msafi alisikiliza bila kupepesa. Mama alipomaliza, yeye akachukua chupa, akanusa, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa chupa na kukilamba.

"Haya ni mayai," alisema. "Yamekorogwa na mashine yangu, yamepita kwenye chekecheke langu. Hizo pesa zako weka ndani, mama. Umeingizwa mjini."

"Niliwaza hivyo." Mama akachomoa bahasha taratibu chini ya shavu la Msafi. "Lakini mwanangu, mbona amelala?"

"Anajifanya."

"Nimemwangushia kopo."

Mke akainuka, akainama karibu na uso wa mumewe, akasikiliza. Alimjua. Miaka yote zamu ya kuosha vyombo ilipofika, mtu huyu alijifanya amelala, na akijifanya hukoroma vizuri, kwa mpangilio, kama kwaya. Huu mkoromo ulikuwa mwingine. Mate yalikuwa yanamtoka. Akamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake, na mkono ukabaki shavuni kwa muda kuliko ilivyohitajika.

"Huyu amelala kweli," alisema.

Wakatazamana juu ya kichwa cha yule mwanamume. Uchochoroni muuza maji alipita na mkokoteni wake, akaenda mpaka hakusikika tena.

"Wewe unaweza kuitengeneza?" aliuliza Mama Makopo, akiitazama chupa na si yeye.

"Mimi nakoroga mayai tangu kabla hajanioa. Ila haiuzwi hata tone mpaka apatikane mtu wa kupima. Vijiko vitatu vimemlaza hivi. Cha nne kingempeleka wapi?" Akamnyooshea mumewe kidole. "Nilimwomba kazi yenye mlango, mama. Kitu kimoja tu. Ona, ameniazimia mlango wa watu."

"Mlango ni wangu, na naweza kuuacha hapo. Kazi ndiyo hana."

"Akiamka akajua kwamba hiki kitu ni kweli, jioni atakuwa ameshakiuza kwa kila mwenye duka mjini, kila mmoja akiwa wakala wa peke yake."

Mama Makopo aliafiki, maana ndivyo ambavyo angefanya yeye. Wakazungumza kwa sauti ya chini, ingawa hata kama wangepiga tarumbeta ingekuwa sawa. Walipomaliza walishikana mikono. Mke wa Msafi akachukua mkoba wake, akaenda kukaa mbele dukani nyuma ya rafu ya unga wa magoti, akaletewa chai.

Msafi aliamka jua likiwa limeshahamia ukuta wa pili. Alinyanyua kichwa, alama ya bahasha ikiwa imemchora shavu. Aliona chupa tupu. Aliona meza isiyo na bahasha, na Mama Makopo aliyekaa mbele yake na uso wa hakimu. Halafu akaona dirisha, kivuli kirefu uchochoroni, na akasimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Kuna mtu alibisha hodi?"

"Alibisha mtu," alisema mama. "Mimi nilikuwa na wateja. Wewe hukujibu."

Msafi alikaa chini, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimeanguka, alikaa sakafuni. Alikuwa anaona gari linapakizwa mashine ya keki, anaona jikoni panabaki mraba mweupe pale ilipokuwa.

"Huyo alikuwa mke wangu, mama."

"Pole. Na hiyo dawa yako haina kitu. Umelala kwa uchovu wako. Mtu aliyekesha namjua kwa macho."

Angalia jambo hili, msomaji, maana mimi bado linanifurahisha. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye asingeweza kuamini kwamba dawa ile imefanya kazi, naye ndiye aliyeitengeneza. Nani alijua kuliko yeye kwamba ni uongo? Alikesha, akachoka, akalala. Ilikuwa wazi kabisa.

"Ni mayai," alisema Msafi, akitazama sakafu. "Mayai na mafuta. Hakuna mawimbi. Nisamehe."

"Najua ni mayai."

"Nilitaka mlango tu. Ile bahasha ningeichukua, sikatai, lakini nilitaka mlango. Alisema abishe hodi, nimkaribishe."

Mama Makopo aligeuka kidogo upande wa dukani kabla ya kuendelea, kana kwamba kuna vumbi jichoni. Kisha akasema anaweza kumpa kazi. Kuuza mbele, kaunta, kila siku, mshahara wa mwezi, na chumba hiki kuwa ofisi yake. Mwenye mdomo kama wake hafai kuachwa azurure. Ila Mbebaji abaki dukani, na jinsi ya kumtengeneza ibaki dukani, na Msafi asimwambie mtu wala asitengeneze tena popote. Alimtaka aape.

Pamoja na huzuni yote ile, kitu ndani ya Msafi kiliinua kichwa. Aliyakodolea macho yale maajabu. Mwanamke ameambiwa ni mayai, amekubali ni mayai, na bado anataka kuyanunua kwa kazi na mlango. Watu wa namna hii hawapatikani kila siku. Lau moyo wake usingekuwa umevunjika, angeimba.

"Chukua, mama," alisema kwa upole. "Chukua chote." Na akaapa.

"Hodi," ilisema sauti.

Msafi alinyanyuka taratibu. Akalinyoosha shati.

"Karibu," alisema.

Mkewe akaingia na mkoba begani. "Samahani nimechelewa. Shida ya usafiri." Akaangalia meza, dirisha, kibao. "Kwa hiyo unafanya kazi hapa?"

Msafi alimtazama Mama Makopo kama mshtakiwa anavyomtazama wakili wa kuokota.

"Ameanza leo," alisema Mama Makopo.

Mke akavuta kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akakaa. Msafi akalia, bila kuigiza na bila kujificha, na alilia vibaya kama anavyokoroma. Mkewe alimpa leso akamwambia mashine ibaki ilipo kwa leo. Baadaye wakiwa njiani kurudi nyumbani, Msafi alimwegemea sikioni, hakuweza kujizuia, akamnong'oneza kwamba amemtapeli yule mama, kapata kazi na ofisi kwa maji ya mayai. Mkewe akaushika mkono wake na kusema ameona.

Wanawake wale wawili walimpata mtu wa kupima. Mji ni mdogo, na alikuwa yule yule wa miwani mizito, ambaye alipoona chupa ile aliweka tone lake chini ya darubini, akavua miwani, kisha akauliza ni ya kiwanda gani. Ilichukua muda mrefu. Damu zilipimwa, vibali viliombwa, vijiko vitatu vikashuka mpaka matone machache. Mashine ya keki ilihamia chumba cha nyuma, na mkewe alimwambia Msafi kwamba dukani kuna umeme wa uhakika zaidi. Kwenye kila chupa ya Mbebaji pakabandikwa karatasi yenye maneno imepimwa, na Msafi alipoisoma mara ya kwanza alimbusu mkewe kwenye paji la uso. Hakujua kwamba mwanamke huyo ana kipaji cha uongo kiasi hicho.

Mpaka leo hakuna auzaye kama yeye. Wateja wanarudi na macho meupe, wanamshika mkono, wanamwambia wamelala kama watoto, na mmoja alimletea jogoo. Msafi anawapokea kwa heshima zote. Wakishatoka, anatikisa kichwa kwa huruma. Anastaajabu jinsi binadamu wanavyodanganyika kirahisi, ukiwa na ulimi mzuri na shati lililonyooka.

Asubuhi moja Mama Makopo alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akimtazama mke wa Msafi akivunja mayai.

"Mwanangu, tumwambie sasa. Mimi roho inaniuma."

Mke akazima mashine, wakasikiliza. Kule mbele sauti ya Msafi ilikuwa inatiririka, tamu, yenye uchungu wa kweli kweli, ikimweleza mzee mmoja asiyepata usingizi habari za vipovu vinavyobisha na kufunguliwa. Mzee alikuwa anacheka. Droo ya pesa ikafunguka na kufungwa.

"Mama, huyu mimi namjua," alisema mke. "Siku akijua ni kazi halali, anaacha."

Akawasha mashine, akaongeza yai.